Massey 35 iliyokaa miaka 11 Njoro: venye tuliikagua kabla mwalimu alipe

Hii ilikuwa Februari mwaka jana, kabla mvua ianze. Mwalimu mmoja mstaafu anayelima huku Rongai, hii Rongai yetu ya Nakuru si ile ya Ongata, alinipigia simu jioni akaniambia fundi nimepata trekta, Massey 35, iko Njoro, imekaa tu kwa boma, wanataka 420,000 na wamesema ikivutwa kidogo na pikapu inawaka, kwa hivyo kesho twende uisikilize. Nikamuuliza imekaa muda gani bila kulia. Akasema tangu mwenyewe aache kulima, miaka 11 hivi. Nikamwambia mwalimu, tutaenda, lakini kata hii simu upigie hao watu saa hii hii uwaambie mtu asiivute, na mtu asiiwekee betri, mpaka tufike.

Hiyo simu ndiyo iliokoa hii trekta. Watu wengi wakienda kuona trekta ya kitambo wanaanza na kuiwasha, ikilia wanatoa pesa, ikikataa wanarudi nyumbani, na hata muuzaji anataka iwe hivyo juu ukishasikia mlio moyo unalainika na macho hayaoni tena. Lakini injini iliyokaa miaka 11 hujui ndani kuna nini. Ringi zinaweza kuwa zimeshikana na silinda, valvu zinaweza kuwa zimeganda, oili yote imeshuka chini na beringi ziko kavu. Ukiivuta na pikapu iko kwa gia, pikapu haijui kama kuna kitu kimekwama, inavuta tu. Pushirodi, ile fito ya chuma inayosukuma valvu, inapinda, au pistoni inagonga valvu iliyobaki wazi, ringi zinavunjika, na trekta ambayo ingetengenezwa na pesa kidogo inakuwa vyuma vya kuuzwa kwa kilo.

Tukafika asubuhi. Iko chini ya kibanda cha mabati nyuma ya ghala ya mahindi, rangi nyekundu imebaki kwa boneti tu, nyasi imetoka hadi kwa ekseli. Mwalimu akasimama akaiangalia muda mrefu bila kusema kitu. Aliniambia baadaye alijifunzia kuendesha trekta na 35 kama hiyo akiwa kijana wa miaka 15, kwa shamba babake alikuwa anafanya kazi. Nikaona hapa lazima mimi ndio niwe mgumu, juu yeye ashainunua kwa roho.

Kitu ya kwanza ni kujua ni 35 gani. Massey Ferguson walitengeneza 35 kule Coventry, Uingereza, kuanzia 1957 hadi 1964, na za dizeli ziko mbili ndani ya jina moja. Za mwanzo zilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, na hiyo inajulikana kwa kusumbua kuwaka ikiwa baridi, hata ikiwa nzima. Kuanzia mwisho wa 1959 wakaingiza Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, na hii ndiyo unataka, juu injini ya familia hiyo hiyo iliendelea kwa Massey 135 na baadaye kwa Massey 240, na 240 zimejaa hii nchi, kwa hivyo pistoni, gasketi, laina, ringi, zote unazipata hapa Nakuru mjini bila kuagiza mbali. Kutofautisha si kazi: hesabu nozo, zile za kupuliza dizeli ndani ya silinda, kila silinda na yake. Hii ilikuwa na tatu. Nikasoma pia namba ya kibati kilicho chini ya dashi, nikaipiga picha, nikaiweka ya kulinganisha na logi buku.

Halafu kabla nishike spana nikazunguka nikiangalia tu. Ekzosi ya hii trekta imesimama wima juu ya boneti, na watu wetu huwa wanaifunika na mkebe ikilala ndio mvua isiingie. Mkebe nikaupata. Ulikuwa wa Kimbo, ile ya bati ya zamani, uko chini kwa nyasi umeoza nusu. Nikaangalia juu nikaona mabati mawili ni mapya kuliko mengine, na yako sawasawa juu ya injini. Nikamuuliza mzee wa soja anayelala hapo, mzee haya mabati yaliwekwa lini? Akasema upepo ulibeba yale ya kwanza, ikakaa wazi misimu miwili ya mvua ndio wakakumbuka kurudisha. Wale vijana waliokuwa wanauza hawakuwa wamesema hayo, na sidhani walikuwa wanaficha, hawakuwa wanakaa hapo. Lakini hapo nilijua tayari nitapata nini. Maji ya mvua yanaposhuka kwa ekzosi yanaingia silinda ile ambayo valvu yake ya kutoa moshi imeachwa wazi siku injini ilizimwa. Zile zingine zinabaki kavu. Kwa hivyo tunatafuta silinda moja mbaya.

Nikafungua kifuniko cha valvu. Nikagonga kila valvu kidogo na kipande cha mti na nyundo, tano zikashuka na kurudi, moja ya ekzosi ya silinda ya pili ikashuka na ikakaa huko huko chini. Hiyo peke yake, kama wangevuta na pikapu jana yake, ingekuwa imegongwa na pistoni. Nikaitilia mafuta nikaichezea mdogo mdogo mpaka ikaanza kurudi. Nikatoa nozo. Mbili zilitoka vizuri, ya pili ilinitoa jasho karibu saa nzima na sikuilazimisha. Nikamulika na tochi ndani: ya kwanza na ya tatu ukuta unang'aa na una weusi wa kawaida, ya pili kuna kutu ya rangi ya chungwa imezunguka kama pete pale pistoni ilipokuwa imesimama.

Hapa mkubwa kati ya wale vijana akakasirika kidogo. Akaniambia fundi, wewe unatafuta makosa ndio mshushe bei. Nikamwambia boss, njoo uangalie mwenyewe, nikampa tochi. Akaangalia. Akanyamaza, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, sasa imekufa? Nikamwambia hapana, hiyo ni kutu ya juu juu, ile mbaya ungeona mashimo mashimo, lakini hatuiwashi leo. Nikachanganya dizeli na oili ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu, nikamimina kama nusu kikombe kwa kila silinda, nikafunga mashimo na vitambaa safi, na nikawaomba waiache wiki moja. Wakakubali. Na tangu hapo huyo kijana alikuwa upande wetu, hata ndiye alikuwa anashika taa.

Injini ikilowa, tukaenda kwa mengine siku hiyo hiyo.

Bolti ya kutoa oili ya injini nililegeza pole pole bila kuitoa. Hii ni kipimo sipendi mtu aruke. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini kabisa, kwa hivyo ukilegeza tu hadi itone, kitu kitakachotoka kwanza kinakuambia. Yalitoka maji kama vijiko viwili halafu oili nyeusi. Hayo ni jasho la chuma na ile iliyopenya kupita silinda ya pili, si gasketi iliyopasuka. Kama ingekuwa nusu lita ningemwambia mwalimu turudi nyumbani.

Redieta ilikuwa na matope mekundu. Fundi wa Uingereza akikagua trekta iliyokaa anatafuta bloki iliyopasuka na barafu, huko maji yanaganda ndani wakati wa baridi na kupasua chuma. Huku kwetu, hata Njoro na baridi yake, bloki inaliwa kutoka ndani na maji ya mto tunayoweka bila dawa ya redieta. Kwa hivyo mimi naangalia vile vifuniko vidogo vya duara ubavuni mwa bloki. Nikavigonga na ncha ya bisibisi, viwili vikalia vizuri, kimoja bisibisi ikaingia. Kifuniko chenyewe ni pesa kidogo, lakini ukipata kimoja kimeoza ujue ndani ya bloki yote kuna uchafu wa kuoshwa.

Gia boksi ndio ilinishtua. Kwa hizi Massey oili ni moja kwa gia, difu na haidroliki, zote zinakunywa kwa tangi moja, na maji yanaingia kupitia ile raba ya mguu wa gia ikishakauka na kupasuka. Nikalegeza bolti ya chini nikaweka kibuyu cha lita tano. Yalitoka maji meupe safi, nikasubiri oili, bado maji, bado maji, yakafika karibu lita mbili na nusu ndio oili ikaanza kuja na ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua kifuniko cha ubavuni pale pampu ya haidroliki iko nikamulika. Kutu ilikuwepo kwa meno ya gia za juu lakini ukipangusa na kidole inatoka, meno yenyewe hayajaliwa. Hiyo ilikuwa bahati kubwa. Lakini pampu yenyewe imekaa ndani ya maji miaka mingi na valvu yake ni kitu chembamba sana, kwa hivyo nikaandika kwa daftari: lifti (ile mikono ya haidroliki ya kubeba plau), usiahidi kitu.

Chini ya nyumba ya klachi kuna shimo dogo lina kotapini inaning'inia. Watu wengine wanaliangalia wakiona ni kavu wanasema sili ziko sawa. Trekta iliyokaa haivuji, hakuna kitu kinachozunguka kuisukuma oili nje. Angalia alama ya zamani. Hii ilikuwa na lami nyeusi nene imeganda kuizunguka kotapini yote, maana yake wakati ilikuwa inafanya kazi sili ya nyuma ya injini ilikuwa inaleta oili, na ikiamka italeta tena.

Klachi unaweza kuipima hata injini imekwama. Kwanza weka nyutro usukume, ijulikane inatembea. Yetu ilikataa, gurudumu la kushoto breki zilikuwa zimeshika, nikazigonga ngoma ikaachia. Halafu weka gia, mtu akanyage klachi hadi mwisho, sukuma tena. Klachi nzima ingeachia na trekta iende. Yetu ilisimama kama ukuta, sahani imeshikana na flaiwili. Hiyo mara nyingi inaachia baadaye, lakini kwa bei unaihesabu kama imekufa.

Taya za nyuma ni saizi ya 11-28, zote mbili zimepasuka pasuka, na mzee aliyekuwa mwenyewe alikuwa amezijaza maji ndio trekta iwe nzito kwa plau. Hayo maji yanakula rimu pale kwa valvu. Nilipogonga rimu ya kushoto na nyundo ilitoa mlio wa debe na ganda la kutu likaanguka kubwa kama kiganja. Mbele nilipiga jeki nikatikisa, pini ya katikati ya ekseli imelegea, usukani una mchezo, ya kawaida kwa umri huo. Tangi ya dizeli ilikuwa na kitu kama ugoro. Kikombe cha eya klina, ile ya kuoga oili, kilikuwa kikavu na nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya bomba. Hebu fikiria huo udongo ukinyonywa na injini siku ya kuvuta na pikapu.

Tukiwa tunanawa mikono ndio shosho alitoka nje na chai, mama ya hao vijana, tukaketi naye. Mwalimu akamsalimia kwa heshima akamuuliza, na mzee yuko wapi tumsalimie pia? Shosho akasema mzee tulimzika 2019.

Vijana walikuwa wamesema tu ni trekta ya baba. Logi buku ilipoletwa, jina ni la mzee, namba inalingana na kibati, hiyo sehemu ilikuwa safi. Lakini mali ya marehemu haiuzwi na mtu tu kwa sababu ni mtoto wake. Kwa Sheria ya Urithi, Sura 160, mtu asiye na mamlaka akishika shika mali ya marehemu ni kosa, na wewe mnunuzi unabaki na chuma ambacho hakuna mtu anaweza kukusainia kihalali. Kumbe kesi ya mirathi ilishafunguliwa na wasimamizi waliotajwa na korti ni shosho na kijana wake wa kwanza, anayefanya kazi Mombasa. Hawa wawili tuliokuwa tunaongea nao hawakuwa wasimamizi. Na kulikuwa na dada yao Kisumu hajaambiwa chochote.

Mimi ni mtu wa spana, hapo nilinyamaza nikamwachia mwalimu, na aliongea vizuri sana. Hakuwalaumu. Aliwaambia, watoto wangu, mimi naitaka hii trekta, lakini nataka siku nikiitoa hapa nyote muwe mnafurahi, kwa hivyo mpigieni dada yenu leo. Wakampigia hapo hapo. Dada akalia kidogo kwa simu, akasema trekta hiyo ndio iliwalipia karo, halafu akasema kama itaenda kulima aende nayo, kama ni ya kukatwa vyuma hataki. Mwalimu akamwahidi ni ya kulima. Wakakubaliana hakuna pesa itatoka mpaka korti ithibitishe ile ruhusa ya wasimamizi na trekta iwe imeandikwa kwa orodha ya mali ya marehemu, na wasimamizi wote wawili wasaini. Korti kwa kawaida inasubiri miezi sita baada ya kutoa ruhusa ndio ithibitishe, na yao ilikuwa imebakisha kama miezi miwili.

Nikarudi baada ya siku nane. Nikaweka spana kwa nati ya mbele ya kranki, spana ya kawaida isiyo na bomba la kurefusha, juu bomba linakuficha nguvu unayotumia. Ikasonga upana wa kidole ikakataa. Nikairudisha nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila mara inaongeza kidogo, kijana anatilia mafuta. Dakika kama 40 hivi ikazunguka mzima. Hakuna mahali iligonga chuma kwa chuma. Nikarudisha nozo nikazungusha tena kwa mkono kusikiliza presha: ya kwanza inakurudisha, ya tatu inakurudisha, ya pili inapitisha tu kama inapumua.

Bado sikuiwasha. Pampu ya dizeli kwa hii ni ya kampuni ya CAV, aina ya kuzunguka, na ndani kuna valvu ndogo inayopima dizeli, ikikaa miaka mingi dizeli ya zamani inakuwa gundi na inaishika. Ikishikwa ikiwa imefunga, injini haiwaki tu. Ikishikwa ikiwa wazi, injini inawaka na kupanda mbio haisikii aksileta wala waya ya kuzima, inaweza kujivunja mbele yako na kuumiza mtu. Nikafungua juu nikaigusa, haiendi. Hiyo ilikuwa inaenda kwa watu wa pampu, mjadala umeisha.

Kwa hivyo mwalimu alifanya uamuzi bila kusikia injini hata mara moja, na nilimwambia hiyo ndiyo njia salama ya kuweka bei. Tukahesabu kana kwamba kila kitu nilichoandika kimekufa. Pistoni, laina, ringi, beringi, gasketi na kazi 95,000. Pampu na nozo 18,000. Klachi 25,000. Taya mbili za nyuma 90,000. Rimu ya mtumba 12,000. Oili zote na kuosha gia boksi 20,000. Jumla 260,000. Mwalimu alikuwa ameshaonyeshwa 35 nyingine Subukia, hiyo inalima, kwa 550,000. Ukitoa unabaki na 290,000, na lazima uache kitu kwa lile usiloliona, lifti hasa. Tukasema 260,000, shosho akasema ongezeni kidogo, tukafunga 270,000. Ile daftari niliwaachia waisome wenyewe. Hakuna mtu alibishana na daftari.

Korti ilithibitisha mwisho wa Aprili, wasimamizi wakasaini, wakabadilisha jina la logi buku kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, upande wa NTSA wanaosajili magari, mwalimu akalipa kwa benki, tukaibeba na lori. Hatukuivuta kwa barabara na zile breki.

Mei tuliiwasha Rongai. Oili mpya kila mahali, tangi imeoshwa, pampu imerudi. Nikamweka kijana na ubao mkononi mbele ya bomba la hewa, nikamwambia nikipiga kelele ziba na usiondoe, ndio injini ikipanda mbio ikose hewa izime. Stata ya tatu ikashika, moshi mweupe mwingi, inagonga kwa silinda moja, halafu baada ya dakika kumi hivi ikaanza kujipanga. Ubao haukuhitajika. Klachi tuliikanyagisha na kipande cha mbao siku nne, siku ya tano injini ikiwa moto nikaiendesha mwalimu akiwa amekanyaga, ikaachia kwa kishindo, na hatujanunua nyingine hadi leo.

Mpaka sasa ametumia 146,000 juu ya ile 270,000, nyingi ikiwa taya. Lifti inabeba plau lakini ukizima injini inashuka yenyewe kwa kama dakika kumi, hiyo hatujagusa. Sili ya nyuma inatona vile kotapini ilisema. Silinda ya pili inatupa oili kidogo kwa ekzosi asubuhi, tumekubaliana na mwalimu tutaifungua Disemba, mahindi yakishavunwa. Ekzosi ameifunika na mkebe mpya, ameufunga na waya.